Jinsi ya kufuatilia majina ya zamani ya mahali Ayalandi unapotafuta ukoo

Chukua mfano wa cheti cha ndoa cha huko Marekani kilichoandikwa kwamba bwana harusi alizaliwa "Balinaslow, Ireland". Kwenye ramani ya leo jina hilo halipo. Watafutaji wengi wa ukoo hukwama hapo kwa kuwa wanalisoma jina kama anwani, ilhali alichoandika karani ni sauti aliyoisikia. Mhamiaji, ambaye pengine hakujua kuandika, alilitamka jina kwa lafudhi ya kwao, na karani asiyejua neno la Kiayalandi akaliandika kwa sikio la Kiingereza. Wareno nao walipofika Kilwa waliandika Quiloa kwa mtindo uleule. Kazi yako ina sehemu mbili: kuirudisha ile sauti, kisha kuibana ndani ya mipaka ya utawala wa wakati ule mpaka libaki eneo moja tu.

1. Maliza kwanza nyaraka za nchi aliyohamia

Usianze na ramani ya Ayalandi. Sensa za Marekani huandika "Ireland" na kuishia hapo. Jina la kijiji hujitokeza kwenye karatasi nyingine: jiwe la kaburi, tanzia ya gazetini, rejista ya ndoa ya kanisa, hati ya uraia, faili la pensheni ya askari, wosia. Gazeti la Boston Pilot lilichapa matangazo ya kutafuta ndugu waliopoteana kuanzia 1831 hadi 1921, na mengi yanataja kaunti na parokia, hata kijiji. Emigrant Savings Bank ya New York, iliyoanzishwa 1850, iliandika wateja wake walikozaliwa na jamaa zao ni nani.

Tafuta karatasi za ndugu zake wote, si zake peke yake. Mtu anaweza kuishi miaka 60 ng'ambo na kuacha neno "Ireland" tu, halafu dada yake akaacha jina la parokia juu ya kaburi lake. Mashahidi wa ndoa na wasimamizi wa ubatizo nao wafuatilie, maana Waayalandi walihama kwa kuvutana, jamaa kwa jamaa na jirani kwa jirani.

Anayemtafuta padri au mtawa aliyefanya kazi Afrika Mashariki ana njia fupi zaidi: aanze na shirika lake. Wamisionari wa Shirika la Mtakatifu Patrick, kwa mfano, waliofika Turkana na Kitui, makao yao makuu yako Kiltegan, kaunti ya Wicklow. Ila mapadri mara nyingi hutambulishwa kwa jimbo la askofu, na jimbo la askofu halifuati mpaka wa kaunti. Jimbo la Killaloe limeingia Clare, Tipperary na Offaly. "Wa Killaloe" peke yake haitoshi.

Kila unapolikuta jina, linakili herufi kwa herufi bila kulisahihisha. Kando yake andika mwaka, aina ya hati, na nani aliyetoa habari. Jina lililotoka kinywani mwa mhusika lina uzito kuliko lililotolewa na mkwe wake miaka 50 baadaye. Ukiligeuza "Killmoor" kuwa "Kilmore" kwenye daftari lako, umefuta ushahidi wa matamshi, na baadaye hutaweza kuurudisha.

Kuna mitego mitatu ya kukagua hapo hapo. Queenstown kwenye orodha ya abiria kwa kawaida ni bandari aliyopandia meli, si kwao. Kerry na Derry katika mwandiko wa karne ya 19 hufanana sana, kwa hiyo linganisha K na D za karani yuleyule kwenye ukurasa mzima kabla ya kuamua. Na Virginia ni mji ulioko kaunti ya Cavan: waandaaji wa faharasa hufikiria jimbo la Marekani, na mtoto wa Cavan akahamishwa kwa makosa hadi ng'ambo ya Atlantiki.

2. Jua jina ni la ngazi gani

Ayalandi ina majimbo 4 na kaunti 32, ambazo leo 26 ziko kwenye Jamhuri na 6 Ayalandi Kaskazini. Chini ya kaunti kuna baroni, takriban 330. Hazina kazi tena, lakini vitabu vya zamani vimepangwa kwazo. Chini ya baroni kuna parokia za kiraia, takriban 2,500. Chini kabisa kuna kile ambacho hati hukiita townland. Humu tutaandika taunilendi. Ziko zaidi ya 60,000, na hii ndiyo ngazi unayoitafuta, kwa sababu ndiyo iliyokuwa anwani ya mkulima. Usiitafsiri kama "mji": taunilendi ni eneo la ardhi lenye mipaka na jina, mara nyingi ekari mia mbili tatu hivi. Zipo zisizofika ekari 1 na zipo za ekari zaidi ya 7,000. Nyingine hazina nyumba hata moja.

Kando ya ngazi hizo kuna migawanyo miwili inayokatiza mipaka, na hapa ndipo makosa mengi huzaliwa.

Wa kwanza ni parokia ya Kikatoliki. Inaweza kuwa na jina tofauti na parokia ya kiraia ya eneo hilohilo, au ikachukua vipande vya parokia mbili tatu. Rejista za ubatizo zimepangwa kwa parokia ya Kikatoliki, vitabu vya ardhi kwa parokia ya kiraia. Lazima ujue zote mbili.

Wa pili ni yunioni ya Sheria ya Maskini. Sheria ya 1838 iligawa nchi katika yunioni 130, baadaye zikafika 163, kila moja ikizunguka mji wa soko wenye nyumba ya maskini. Mipaka ya kaunti haikuzingatiwa. Usajili wa vizazi na vifo ulipoanza ulitumia yunioni hizohizo kama wilaya zake.

Jina moja linaweza kukaa ngazi kadhaa kwa pamoja. Kilkenny ni kaunti na ni mji, lakini Kilkenny West ni parokia na baroni ya kaunti ya Westmeath. Philipstown ni mji wa King's County (leo Offaly), na pia ni jina la parokia huko Louth. Kabla hujatafuta popote, andika orodha ya ngazi zote ambazo jina lako linaweza kuwa.

3. Geuza majina ya kitawala kuwa ya leo, na ya leo kuwa ya zamani

King's County ndiyo Offaly, Queen's County ndiyo Laois. Majina hayo yalitungwa 1556 kwa heshima ya Malkia Mary na mumewe Philip, pamoja na miji yao Philipstown, leo Daingean, na Maryborough, leo Portlaoise. Parsonstown ni Birr. Kingstown, jina la kati ya 1821 na 1920, ni Dún Laoghaire. Queenstown, 1849 hadi 1920, ni Cobh, na kabla ya 1849 utaliona limeandikwa Cove. Derry na Londonderry ni mahali pamoja, tafuta kwa yote mawili.

Majina ya aina hii hayana sauti ya kufuata, yalibandikwa tu. Hapa kinachotakiwa ni kujua tarehe: hati ya 1845 inayosema Queenstown iliandikwa, au ilinakiliwa, baadaye.

4. Irudishe sauti

Hii ndiyo hatua yenye utajiri mkubwa, na wengi huiruka. Huhitaji kukijua Kiayalandi chote. Maneno kama ishirini yanabeba sehemu kubwa ya majina ya nchi nzima:

Bally- ni baile, makazi au shamba la ukoo. Kil- ni cill, kanisa, au coill, msitu. Knock- ni cnoc, kilima. Drum-, Drom- na Drim- ni druim, mgongo wa ardhi. Derry- ni doire, msitu wa mialoni. Clon- na Cloon- ni cluain, malisho. Lis- ni lios na Rath- ni ráth, zote maboma ya duara ya kale. Dun- na Doon- ni dún, ngome. Tully- ni tulach, kilima kidogo. Tubber- ni tobar, kisima. Inish- na Ennis- ni inis, kisiwa au ukingo wa mto. Mwishoni mwa jina, -more ni mór, kubwa. -Beg ni beag, dogo. -Duff ni dubh, -eusi. -Bawn ni bán, -eupe. -Roe ni rua, -ekundu. Na -een ni kidogo, kama vile kuweka ki- mbele ya neno la Kiswahili.

Faida yake si kujua maana tu. Ukijua kwamba Drum, Drom na Drim ni neno moja, utatafuta kwa tahajia zote tatu. Kaskazini, hasa jimboni Ulster, cnoc hutamkwa kama "krok", kwa hiyo jina lililoanza na Crock kwenye barua linaweza kuwa Knock kwenye kitabu, na kinyume chake.

Halafu kuna jambo linalowachanganya hata wazoefu: Kiayalandi hubadilisha herufi ya kwanza ya neno likifuata neno jingine. Fear ni mwanamume, lakini Carraig na bhFear, mwamba wa wanaume, hutamkwa kwa v, ndiyo maana kwa Kiingereza ni Carrignavar. Muir ni bahari, lakini Cinn Mhara imekuwa Kinvara. Dún na nGall, ngome ya wageni, imekuwa Donegal. Kwa hiyo ukikosa jina lenye v katikati, jaribu m, b na f. Ukikosa lenye n, jaribu g na d. Kisha badilisha c na k, ondoa herufi zilizorudiwa, jaribu a, e, i na o kwa zamu, na tenganisha au unganisha maneno. Orodha ya tahajia 10 hadi 15 kwa jina moja si nyingi.

Mtego wa maana: Kil- haisemi yenyewe kama ni kanisa au msitu. Kilmore nyingi ni Cill Mhór, kanisa kubwa, ilhali Kylemore ni Coill Mhór, msitu mkubwa, na karani mgeni angeweza kuandika yote mawili sawa. Vilevile Bally- si baile kila mara. Ballina ya Mayo ni Béal an Átha, mdomo wa kivuko. Na "Balinaslow" ya mfano wetu ni Ballinasloe, Béal Átha na Sluaighe, mdomo wa kivuko cha majeshi.

5. Tafuta kwa mpangilio

Anza na logainm.ie, hifadhidata ya serikali ya majina ya mahali. Ni bure, inatoa jina la Kiingereza na la Kiayalandi, inaonyesha ngazi zote juu ya eneo, na kwa maeneo mengi inaorodhesha tahajia za kale pamoja na mwaka na chanzo. Kwa kaunti 6 za kaskazini ongeza placenamesni.org.

Kisha nenda kwenye faharasa ya taunilendi iliyotokana na sensa ya 1851. Kwa kila taunilendi inatoa kaunti, baroni, parokia, yunioni, namba ya karatasi ya ramani, na ukubwa wa ardhi kwa ekari, rudi na pachi. Ekari 1 ni rudi 4, rudi 1 ni pachi 40. Usiupuuze ukubwa: taunilendi mbili za jina moja katika kaunti moja hutofautishwa nao vizuri.

Ukipata matokeo mengi, na majina kama Newtown au Kilmore yako kwa makumi, usichague lililo karibu na mji unaoujua. Ziandike zote, kila moja na parokia na yunioni yake, ndipo uanze kuzichuja kwa jina la ukoo.

6. Rejista: soma picha, usiridhike na faharasa

Tumfuate mtu wetu wa "Balinaslow". Tuseme ndugu yake mdogo alizaliwa baada ya 1864. Usajili wa vizazi, vifo na ndoa zote ulianza 1 Januari 1864. Ndoa zisizo za Kikatoliki zilianza 1 Aprili 1845. Kwenye irishgenealogy.ie faharasa itakuambia "Ballinasloe", nawe utadhani umefika mjini. Hujafika. Hilo ni jina la wilaya ya usajili, na yunioni ya Ballinasloe iliingia kaunti za Galway na Roscommon.

Fungua picha ya ukurasa. Safu ya pili ina tarehe na mahali pa kuzaliwa, na hapo ndipo linapokaa jina la taunilendi. Safu ya baba ina jina lake na makazi yake, ambayo wakati mwingine ni taunilendi nyingine, kwa sababu mama alikwenda kujifungulia kwao: hapo umepata na kwao mama. Angalia pia mtoa taarifa. Palipoandikwa "alama yake" na msalaba, mtoa taarifa hakujua kuandika, kwa hiyo tahajia ni ya msajili kabisa. Kama ni bibi wa mtoto, makazi yake ni taunilendi ya tatu ya kufuatilia.

Jambo moja zaidi kuhusu mji huu. Sehemu yake ya mashariki ya mto Suck ilikuwa Roscommon hadi mabadiliko ya mipaka ya 1898. Karatasi moja ikisema Galway na nyingine Roscommon, zote mbili zinaweza kuwa kweli. Usiitupe mojawapo.

Kwa waliozaliwa kabla ya 1864, rejista za Kikatoliki hadi takriban 1880 zimewekwa bure na Maktaba ya Taifa kwenye registers.nli.ie. Ni picha za mikrofilamu, nyingi kwa Kilatini, na mapadri wengi waliandika taunilendi kando ya kila ubatizo kwa tahajia yao wenyewe. Soma miaka mitatu minne ya parokia hiyo mfululizo hata kama humtafuti mtu: utamzoea padri huyo, na jina ambalo peke yake halisomeki litajifungua utakapoliona mara ya kumi.

7. Vitabu vya ardhi

Sensa za 1821 hadi 1851 nyingi ziliungua Dublin 1922, na za 1861 hadi 1891 ziliharibiwa na serikali yenyewe. Pengo hilo linazibwa na vitabu viwili.

Uthamini wa Griffith, 1847 hadi 1864, unaorodhesha mkaazi wa kila kipande cha ardhi, na ni bure kwenye askaboutireland.ie. Namba ya mwanzo wa mstari ni namba ya kipande kwenye ramani. Herufi kubwa ni mafungu ya ardhi ya mtu mmoja, herufi ndogo ni nyumba. Majina ya mahali humo yamefuata tahajia rasmi ya upimaji wa ramani, kwa hiyo tafuta kwa jina lililokwisha sanifishwa. Ramani zilizoskaniwa si lazima ziwe za mwaka uleule wa kitabu. Mpaka usipolingana, usishtuke.

Vitabu vya zaka vya 1823 hadi 1837 ni vya kabla ya usanifishaji. Humo utakuta tahajia za ajabu na vijisehemu ambavyo baadaye havikutambuliwa kuwa taunilendi. Ndiyo thamani yake: jina la babu yako ambalo limefutika kila mahali linaweza kuwa limebaki hapo. Angalizo kuhusu ukubwa: mara nyingi walitumia ekari ya Kiayalandi. Zidisha kwa 1.62 kupata ekari ya kawaida, la sivyo utadhani ni shamba jingine.

Baada ya Griffith, vitabu vya marekebisho vinaonyesha kwa wino wa rangi mbalimbali nani alimrithi nani. Vya kaskazini viko mtandaoni hadi miaka ya 1930, kwenye PRONI, hifadhi ya nyaraka ya Ayalandi Kaskazini. Vya kusini viko Dublin. Jina lililofutwa na jipya kuandikwa juu yake mara nyingi maana yake ni kifo au kuhama, na mwaka umeandikwa kando.

Usisahau fomu za pensheni ya uzee. Sheria ya 1908 ilitoa pensheni kwa waliofikisha miaka 70, na wasio na vyeti waliomba umri wao utafutwe kwenye sensa za 1841 na 1851 kabla hazijaungua. Fomu hizo zimebaki, na zinataja wazazi, taunilendi na parokia. Mtu aliyebaki nyumbani akaiomba anaweza kuwa dada wa yule aliyehama.

8. Jina likikataa kabisa

Huenda halikuwa taunilendi. Linaweza kuwa jina la mlima, kichochoro, jumba la mwenye ardhi, au kipande ndani ya taunilendi kilichojulikana na wenyeji tu. Hapa ingia kwenye Vitabu vya Majina vya upimaji wa ramani. Upimaji ulianza 1824, na ramani za inchi 6 kwa maili zilitoka 1833 hadi 1846. John O'Donovan, msomi wa Kiayalandi aliyeajiriwa na upimaji huo, alizunguka kaunti kwa kaunti akiwasikiliza wazee wanaozungumza Kiayalandi, akalinganisha tahajia za hati mbalimbali, kisha akapendekeza moja. Tahajia zilizokataliwa zimeandikwa humo, na iliyo kwenye kaburi la babu yako inaweza kuwa mojawapo.

Soma pia ramani yenyewe ya inchi 6 kwa jicho, eneo lote la parokia unayoishuku. Ramani za Down Survey, upimaji wa ardhi wa miaka ya 1650, zinasaidia kwa majina ya kale zaidi. Kwa majina ya mashamba na vijito, ingia duchas.ie usome Mkusanyiko wa Shule wa 1937 hadi 1939, ambapo watoto waliandika habari walizopewa na wazee wao.

9. Kabla ya kuliandika kwenye mti wa ukoo

Dai hati mbili zisizotegemeana. Tanzia na jiwe la kaburi vilivyotolewa na mtoto mmoja ni hati moja. Ubatizo wenye wazazi walewale, taunilendi ileile, na msimamizi mwenye jina la ukoo la mama, pamoja na mstari wa Griffith wenye jina la baba hapo hapo, ni ushahidi unaosimama. Kama jina la ukoo ni la kawaida sana kaunti hiyo, Sullivan huko Cork au Kelly huko Galway, dai na ya tatu.

Kisha liandike kwa ukamilifu: taunilendi, parokia ya kiraia, baroni, kaunti, halafu parokia ya Kikatoliki na yunioni kando. Weka jina rasmi la leo, jina la Kiayalandi, na chini yake tahajia ile ya kwanza uliyoikuta, pamoja na mwaka na hati yake, kama karani alivyoiandika.